Rimu Ndogo na Tairi la Ubavu Mrefu: Somo kwa Vyama Vyenye Gari

Magari mengi yanayonunuliwa na vyama vya msingi siku hizi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani. Yaliundwa kwa ajili ya barabara laini za nchi hiyo, na baadhi yake huja yamevaa rimu kubwa za aloi na matairi yenye ubavu mfupi. Magari hayo hupendeza macho bandarini Dar es Salaam, na hupata taabu mara yafikapo Umalila. Chama kinachokusanya viazi Ilembo, au pareto katika milima ya Uporoto, hakiwezi kuchagua barabara ya kupita. Magurudumu kinaweza kuyachagua.

Mwanjelwa jijini Mbeya, ambako makatibu wengi hupeleka magari ya vyama vyao kutafuta vipuri, taabu hiyo ina dawa ya haraka: fundi huvua rimu za inchi 18, huweka za inchi 16, na gari huondoka. Dawa hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa. Yaweza pia kulifanya gari liwe la hatari kuliko lilivyokuja. Tofauti ya mambo hayo mawili imo katika tarakimu chache zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, na katibu aliyejifunza kuzisoma hahitaji kuwa fundi ili ajue chama chake kimeuziwa kitu gani.

Kusoma tairi

Chukua tairi lililoandikwa 235/55R18 100H. Tarakimu ya kwanza, 235, ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 55 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za tairi zimelazwa kwa mtindo wa radiali, ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946. Tarakimu 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kuchanganya milimita, asilimia na inchi katika mstari mmoja ni jambo la ajabu, lakini dunia nzima imelizoea na hapana budi kulizoea pia.

Tarakimu 100 inayofuata ndiyo ambayo wauzaji na wanunuzi huipita bila kuitazama. Hiyo ni namba ya uzito. Si kilo 100. Ni namba ya kwenye jedwali, na katika jedwali hilo 100 maana yake ni kwamba tairi moja lina uwezo wa kubeba kilo 800. Namba 92 ni kilo 630, namba 95 ni kilo 690, na namba 102 ni kilo 850. Herufi H ya mwisho ni ya mwendo, kilomita 210 kwa saa, ambao hakuna gari la chama linaloutafuta.

Sasa ifanyike hesabu. Asilimia 55 ya 235 ni milimita 129.25, na huo ndio ubavu mmoja. Tairi lina ubavu juu ya rimu na ubavu chini yake, kwa hiyo mbavu mbili ni milimita 258.5. Rimu ya inchi 18, kila inchi ikiwa milimita 25.4, ni milimita 457.2. Ukijumlisha, tairi zima lina kipenyo cha milimita 715.7.

Fundi anapendekeza tairi la 215/70R16. Asilimia 70 ya 215 ni milimita 150.5, mbavu mbili ni 301, rimu ya inchi 16 ni 406.4, jumla ni milimita 707.4. Hapa rimu imepungua kwa inchi mbili kamili, yaani milimita 50.8, lakini tairi zima limepungua kwa milimita 8.3 tu, kwa sababu ubavu umerefuka kwa zaidi ya milimita 21. Upungufu huo ni kama asilimia 1.2. Mafundi wa nchi nyingi hufuata kanuni kwamba kipenyo kipya kisitofautiane na cha zamani kwa zaidi ya asilimia 3, na badiliko hili limo ndani ya kanuni hiyo.

Vipimo hivyo viwili havikuokotwa njiani. Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ilitoka kiwandani katika masoko mbalimbali ikiwa na vipimo vyote viwili, pamoja na kimoja cha katikati, 225/65R17. Chama chenye gari la namna hiyo kinaanza kazi yake kikiwa na ushahidi wa mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana swali la kwanza la katibu liwe hili: je, gari hili limewahi kuuzwa na kiwanda likiwa na rimu ndogo zaidi? Jibu hupatikana katika kitabu cha gari, na mara nyingi katika kibandiko kilichomo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Kazi ya ubavu

Tairi linapoangukia shimo lenye ukingo mkali, ukingo ule huusukuma ubavu kuelekea rimu. Ubavu ukiwa mrefu, una nafasi ya kubonyea, na upepo uliomo hulipokea pigo. Ubavu ukiwa mfupi, nafasi huisha mapema, na mpira hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu kama kidole mlangoni. Nyuzi za ndani hukatika. Pengine tairi hupasuka papo hapo. Pengine huvimba nundu ubavuni na kuendelea kutembea kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuka, mara nyingi likiwa limebeba watu. Rimu nayo hupinda.

Rimu za aloi zina ila yake. Zikipinda, watu huzipasha moto na kuzigonga nyundo, na aloi iliyotendewa hivyo hupoteza nguvu yake ingawa kwa macho inaonekana imenyooka. Rimu ya chuma huvumilia kunyooshwa ikiwa haikupinda sana, na bei yake huwa nafuu. Kwa chama cha vijijini, rimu tano za chuma za inchi 16 zina manufaa kuliko rimu za aloi za inchi 18 zing'aazo, hata kama kijiji kizima kitasema gari limeshushwa cheo.

Wazee wa ushirika watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Land Rover ndefu zilizotumika nchini katika miaka ya 1970 zilivaa tairi la 7.50-16: upana wa inchi saba na nusu, ubavu unaokaribia kulingana na upana wenyewe, na rimu ya chuma ya inchi 16. Hakuna aliyeita mtindo huo jina lolote. Tairi la 7.50R16 bado linavaliwa na Land Cruiser za kazi hadi leo, na wanaolivaa ni wale wale wanaopita njia mbaya kila siku.

Ubavu mrefu una gharama yake pia. Gari huyumba kidogo zaidi kwenye kona, na usukani hujibu polepole kuliko awali. Dereva aliyezoea rimu kubwa apewe siku chache za kulizoea gari kabla ya kushuka nalo mteremko wa Iwambi akiwa amejaza mzigo. Na chama ambacho gari lake halitoki katika lami ya barabara kuu ya Tunduma au ya Tukuyu hakina sababu ya kutumia fedha za wanachama kwa badiliko hili. Kisubiri matairi yaliyopo yaishe kwanza.

Rimu ndogo bila hesabu

Hatari iko hapa. Duka laweza kuwa na rimu za inchi 16, lakini halina tairi la 215/70. Lina 205/60R16 lenye namba ya uzito 92, ambalo ni tairi zuri la gari dogo. Muuzaji atasema kwa haki kabisa kwamba linaingia kwenye rimu hiyo. Linaingia. Lakini hesabu yake ni milimita 123 za ubavu, mbavu mbili 246, rimu 406.4, jumla 652.4. Tairi limepungua kwa milimita 63.3 kulinganisha na lile la awali, karibu asilimia 9.

Kwanza, gari limeshuka. Nusu ya upungufu huo, kama milimita 32, imetoka chini ya tumbo la gari, mahali palepale palipohitajika kuinuliwa. Ubavu nao ni mfupi kuliko ule wa tairi la zamani, kwa hiyo chama kimelipa fedha ili kupata kilekile kilichokikimbia.

Pili, kipima mwendo kinadanganya. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi katika safari ileile, na gari huhesabu mizunguko, haliioni barabara. Dashibodi ikionyesha kilomita 100, gari limekwenda kama kilomita 91. Katika gari la mtu binafsi hilo ni jambo dogo. Katika gari la chama, kitabu cha safari ndicho kinachotumika kupima matumizi ya mafuta, na pengine posho ya dereva. Baada ya badiliko kama hilo hesabu zitaonyesha kwamba gari linakwenda kilomita nyingi zaidi kwa kila lita, na hakuna atakayejua kwa nini. Siku tairi sahihi likirudishwa, dereva ataonekana ameanza kuiba mafuta.

Tatu ni uzito. Matairi manne ya namba 100 yana uwezo wa kilo 3,200 kwa pamoja. Ya namba 92, kilo 2,520. Mtu aweza kusema kwamba gari na abiria wake hawafiki huko. Lakini uzito haugawanyiki sawasawa katika magurudumu. Magunia hukaa nyuma. Na dereva anaposhika breki katika mteremko, sehemu kubwa ya uzito huhamia mbele. Tairi linalobeba kupita kiasi hupata joto, na joto ndilo linalolipasua. Kanuni ni kwamba namba ya uzito ya tairi jipya isipungue ile iliyoandikwa na kiwanda kwa gari hilo.

Rimu kuingia si rimu kufaa

Upande wa rimu una mambo yake, na yanataka uangalifu kuliko tairi lenyewe. Rimu za RAV4 iliyotajwa zina matundu matano yaliyopangwa katika duara la milimita 114.3. Rimu za magari madogo kadhaa ya Toyota, kama Premio, zina matundu matano pia, lakini katika duara la milimita 100. Kwa macho hufanana. Rimu isiyolingana isilazimishwe kwa kubana nati kwa nguvu.

Rimu za magari ya Nissan zenye duara la 114.3 huingia kwenye gari la Toyota bila shida, lakini tundu lao la katikati ni milimita 66.1, ilhali kitovu cha Toyota hii ni milimita 60.1. Rimu hiyo haikalii kitovu. Inaning'inia kwenye nati peke yake, na gari hutetemeka usukani mwendo ukizidi. Ipo pete maalumu ya kujaza nafasi hiyo. Ikikosekana, rimu zisinunuliwe.

Nati ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Rimu nyingi za aloi za Toyota hufungwa kwa nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za chuma hutaka nati yenye kichwa cha koni. Fundi akifunga rimu ya chuma kwa nati za aloi, nati zitakaza na kuonekana imara, kisha zitalegea njiani. Kwa hiyo bei ya rimu ijumlishe bei ya nati zake, na baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza nati zote zikazwe tena. Kazi hii ifanywe kwa spana ya kupimia nguvu pale inapopatikana.

Breki ndiyo kikomo cha kupunguza rimu. Baadhi ya magari hupewa rimu kubwa kwa sababu sahani za breki zake ni kubwa. Kabla ya kulipa, fundi avishe rimu moja mbele na moja nyuma bila tairi, azizungushe kwa mkono, na aangalie kwamba kuna nafasi ya milimita chache kati ya rimu na kalipa. Akumbuke kwamba risasi za balansi zinazobandikwa ndani ya rimu zitakula sehemu ya nafasi hiyo. Kisha rimu ikiwa na tairi, usukani uzungushwe hadi mwisho kulia na kushoto, kuona kama mpira unagusa chochote.

Magurudumu yanunuliwe matano. Chama kinachonunua manne na kuacha tairi la akiba la inchi 18 kitakuta siku ya pancha kwamba nati za rimu mpya haziifai rimu ya zamani. Na katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, tairi la kipenyo tofauti likitumika safari ndefu huchosha gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Kuhusu matairi ya mitumba, kashata nzuri si dalili ya ujana. Ubavuni mna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye kashata ndefu na umri wa miaka kumi liachwe dukani, na lenye kashata zilizochongwa upya kwa kisu liachwe bila mazungumzo.

Dereva na tairi lililopasuka

Katika vyama kadhaa kuna desturi kwamba tairi likipasuka dereva hukatwa mshahara. Desturi hiyo ni rahisi kwa bodi, na mara nyingi si ya haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato kwa ajili ya hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, baada ya mwajiri kumwandikia sababu na kiasi na jinsi kilivyohesabiwa, na kumpa nafasi ya kupinga. Makato yenyewe hayaruhusiwi kuzidi robo ya ujira wake wa fedha.

Kosa basi lithibitishwe, na shahidi ni tairi lenyewe. Lisitupwe. Mipasuko miwili iliyokaribiana ubavuni, kama alama ya meno, huonyesha kwamba tairi lilibanwa na rimu shimoni. Kama gari lilikuwa limevaa ubavu mfupi katika barabara ambayo chama chenyewe kiliagiza lipite, ni vigumu kuona kosa la dereva. Tairi lililolika mabega yote mawili na kuungua ubavuni lilitembezwa na upepo mdogo. Hapo dereva anaweza kuulizwa, lakini na katibu aulizwe kama chama kimewahi kununua kipimo cha upepo. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Joto likishuka nyuzi 10, upepo hupungua kwa kiasi cha pauni 2, na asubuhi za Juni na Julai Mbeya si za mzaha.

Vitabu vya chama

Badiliko hili ni matumizi ya mali ya wanachama, na liandikwe hivyo. Bodi ipitishe uamuzi ukitaja vipimo kamili vya tairi na namba ya uzito, maana muhtasari unaosema tu "kununua matairi" humruhusu yeyote kununua chochote. Bei zipatikane kwa maandishi katika maduka yasiyopungua matatu, zikiwa za vipimo vilevile. Kampuni ya bima iarifiwe kwa barua.

Rimu za zamani husahaulika. Seti ya aloi ya inchi 18 iliyo nzima ina soko zuri Mwanjelwa, na mara nyingi huishia mikononi mwa fundi kama sehemu ya malipo ambayo hayakuandikwa popote. Rimu hizo ni mali ya chama. Ziingizwe ghalani kwa hati, ziuzwe kwa uamuzi wa bodi, fedha zipokelewe kwa stakabadhi, na daftari la mali za kudumu lirekebishwe. Mkaguzi atakapolilinganisha gari na daftari hilo, atakuta limevaa rimu zisizotajwa humo, na atauliza zilizotajwa ziko wapi.

Maswali ya kujadiliwa na kikundi

1. Gari la chama limevaa 225/65R17 102H. Duka moja linatoa 215/70R16 100H na la pili 225/70R16 102H. Tafuta kipenyo cha kila tairi, na asilimia ya tofauti na lile la awali. (Majibu ya vipenyo: 724.3, 707.4 na 721.4.) Bodi ichague lipi, na kwa sababu gani?

2. Tairi la 175/70R14 na la 235/55R18, lipi lina ubavu mrefu zaidi?

3. Kitabu cha safari cha mwezi uliopita kinaonyesha gari lilikwenda kilomita 1,400, nalo lilikuwa limevaa 205/60R16 badala ya 235/55R18. Lilikwenda kilomita ngapi kwa kweli?

4. Dereva amerudi kutoka Ilembo na tairi lenye nundu ubavuni, na mjumbe mmoja wa bodi anataka akatwe mshahara mwezi huu. Katibu aombe kuona vitu gani kabla ya kikao, na aandike nini katika barua yake kwa dereva?